SOMO LETU: BRIAN GITTA NA KIPIMO CHA MALARIA KISICHOTOA DAMU



Katika somo hili tutajifunza habari za kijana wa Uganda, Brian Gitta, aliyesomea elimu ya kompyuta, akaitumia kutafuta njia mpya ya kupima malaria. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mwana wa nchi yetu. Pili, jambo aliloshughulikia latuhusu sana sisi tunaokaa huku Wanyange, kati ya viwanda vya Jinja na mashamba ya miwa ya Kakira, karibu na Ziwa Viktoria. Huku kwetu mbu hawana likizo.

KIPIMO NI JAMBO LA MFANYAKAZI

Mfanyakazi akishikwa na homa hupoteza nguvu, na pengine hupoteza mshahara pia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza angalau mwezi mmoja kazini, akiugua hata asiweze kufanya kazi, ana haki ya kulipwa mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini sheria hiyo hiyo yamtaka ampashe mwajiri habari, na mwajiri akidai, alete cheti cha daktari.

Daktari naye hutazama kipimo. Basi kipimo kikisema "huna malaria" na kumbe unayo, umekosa dawa, na huenda ukakosa cheti pia. Kesho yake utarudi shambani au kwenye mtambo mwili ukitetemeka, na msimamizi atakuita mvivu. Ndiyo maana twasema kipimo cha kweli ni sehemu ya haki ya mfanyakazi, kama vile mizani ya kweli ilivyo haki ya mkata miwa.

NAMNA MALARIA INAVYOPIMWA

Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vimelea vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona vimelea hivyo ndani ya mbu. Tangu zamani hizo njia kuu ya kupima ni moja: tone la damu hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini.

Njia hii ni nzuri. Lakini yataka hadubini nzima, rangi safi, na mpimaji mwenye jicho lililozoea na asiyechoka. Vimelea vikiwa vichache, vyaweza kumpita asivione.

Baadaye kilikuja kipimo cha haraka, kile kijikasha chembamba cha plastiki. Hutoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20, na mhudumu aliyefundishwa kidogo aweza kukitumia. Nacho pia chataka damu. Tena aina moja inayotumika sana yaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona.

MAISHA NA KAZI YA GITTA

Brian Gitta alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Makerere. Aliugua malaria, na ilibidi apimwe damu mara nne ndipo ugonjwa uonekane. Wengi wetu tungeishia kulalamika. Yeye alijiuliza: je, hakuna njia ya kuona ugonjwa huu bila sindano, na bila kungojea siku nyingi?

Jambo hili hakulifanya peke yake. Aliungana na wenzake, wakaunda kundi waliloliita Code 8. Mwaka 2013 walikwenda St. Petersburg, nchini Urusi, kwenye mashindano ya wanafunzi yaitwayo Imagine Cup, yanayoandaliwa na kampuni ya Microsoft. Huko walipata tuzo inayohusu maendeleo ya wanawake, kwa kuwa malaria huwadhuru sana wanawake wajawazito. Kazi yao waliipa jina la Kiswahili: Matibabu.

Miaka mitano ilipita wakiendelea kukibadili na kukitengeneza upya kifaa chao. Mwezi Juni 2018, mjini Nairobi, Gitta alipewa Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata, na hadi mwaka ule hapakuwa na mshindi mwenye umri mdogo kama wake. Mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo, mwaka 2015, alikuwa Askwar Hilonga wa Tanzania, aliyetengeneza chujio la maji. Twaona basi kwamba Afrika Mashariki haikosi vichwa.

KIFAA CHENYEWE

Matibabu hubanwa kwenye kidole. Kifaa hutoa mwanga mwekundu unaopenya ngozi. Sasa, vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzila. Chembe hizo hubadilika umbo, rangi na wingi wake. Kwa hiyo mwanga uliopita katika damu yenye malaria haufanani na ule uliopita katika damu safi.

Kifaa huugeuza mwanga huo kuwa namba, na hapo ndipo kazi ya kompyuta huanza. Programu huzilinganisha namba hizo na kutoa jibu, nalo huonekana kwenye simu baada ya dakika moja hivi.

Tuchukue mfano wa kiwandani. Fundi wa siku nyingi husikia mlio wa mtambo wa kufuma, akajua kuna kasoro kabla ya kuiona. Amejua kwa kuwa amesikia mitambo mizima na mibovu mara nyingi sana. Kompyuta nayo hufundishwa kwa mifano mingi: huyu anao ugonjwa, huyu hana. Lakini tusisahau: kompyuta haiijui homa, yajua namba tu. Ikiwa mifano iliyofundishiwa ni michache au mibaya, jibu lake nalo litakuwa baya.

TUZO SI MWISHO WA KAZI

Gitta alipopewa tuzo mwaka 2018, kifaa kilikuwa kingali kwenye majaribio. Hiyo si aibu. Kifaa cha kupima mtu chaweza kukosea kwa njia mbili: kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima, au kumwambia mzima kuwa ni mgonjwa. Tuseme, kwa mfano tu, wagonjwa 100 wa malaria wanapimwa, na kifaa kinawagundua 80. Wale 20 waliobaki watarudi nyumbani bila dawa, na malaria huua. Ndiyo sababu kila kipimo kipya hulinganishwa kwanza na hadubini, kwa watu wengi, kabla ya kukubaliwa na wakuu wa afya.

Kwa hiyo wafanyakazi tushike mambo mawili. Tusidharau uvumbuzi wa vijana wetu. Wala tusikubali, mahali pa kazi, kupimwa kwa kifaa chochote ambacho Wizara ya Afya haijakithibitisha, hata kiwe kimepata tuzo ngapi. Na jibu likitokea kwenye simu, liwe siri ya mgonjwa na mganga wake, si habari ya kupitishwa kwa msimamizi.

TUNAJIFUNZA NINI?

Uvumbuzi huu ulianza kwa mtu aliyeonja taabu yenyewe. Mwenye kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Nasi tunaoshika panga na kusimamia mitambo twajua kasoro ambazo ofisini hazionekani. Tukizisema pamoja, kama vijana wale walivyofanya kazi pamoja, zitasikika.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA TAWI

1. Je, zahanati ya mahali petu pa kazi ina hadubini inayofanya kazi, na vipimo vya haraka vya kutosha? Mtu wa zamu ya usiku akishikwa na homa, nani humpima?

2. Je, mapatano yetu na mwajiri yanataja malipo ya siku za ugonjwa? Vibarua nao wamo?

3. Ni kasoro gani moja katika kazi yetu ambayo twaweza kupendekeza njia ya kuiondoa?

Katibu wa tawi aandike majibu, naye ayalete kwenye mkutano ujao.