Printa Moja, Tarakilishi za Vizazi Viwili: Lugha na Hatua za Utatuzi katika Ofisi za Nyanda za Chai

Utangulizi

Katika ofisi za nyanda za chai, kuanzia Kericho mjini, Litein na Kapkatet hadi Sotik, Bomet na Longisa, si ajabu kukuta tarakilishi mbili zilizopishana kwa umri wa miaka kumi au zaidi zikitegemea printa moja. Ile kongwe huwa mezani kwa katibu muhtasi. Inaendeshwa na Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001, nayo ndiyo iliyofungiwa printa kwa waya. Ile mpya ni tarakilishi pakatwa ya mwalimu au mhasibu, yenye Windows 10 au 11. Siku za kawaida wawili hawa huishi kwa kubebeana faili katika kidiski mweko. Lakini juma la mitihani linapowadia, au wakulima wanapofurika katika ofisi ya chama cha akiba kudai taarifa za malipo ya bonasi, ndipo ugomvi wa mashine hugeuka kuwa ugomvi wa watu.

Makala haya yananuia kueleza kiini cha tatizo hilo na hatua za kulitatua. Aidha, yanadai kwamba sehemu ya tatizo ni ya kilugha: ofisi nyingi hazina namna ya kulieleza kosa kwa usahihi, na kosa lisiloelezeka hutatuliwa kwa kubahatisha.

Kitenzi kinachoficha mengi

Chukulia katibu muhtasi amempigia simu fundi aliye mjini:

“Fundi, habari ya asubuhi? Printa imekataa.”

“Nzuri, madam. Imekataaje?”

“Imekataa tu. Jana ilikuwa sawa.”

Fundi hana la kufanya ila kupanda matatu, na nauli yake italipwa na ofisi. Kitenzi “kukataa” kimeifanya printa kuwa mhusika mwenye hiari, na kikawaficha wahusika wengine wote: tarakilishi inayotuma, tarakilishi inayopokea, mtandao ulio kati yao, na programu inayotafsiri maandishi yawe lugha ya printa. Yamkini ni mmoja wa hao aliyekataa, na printa yenyewe haina hatia.

Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha hali hizi kwa vitenzi vya kawaida kabisa. Printa haionekani. Inaonekana lakini haiunganiki. Imeunganika lakini haichapi. Inachapa, lakini inatoa herufi za ajabu. Kauli hizi nne huashiria makosa manne tofauti, na mtu anayeweza kuchagua moja kati yazo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi.

Kuhusu istilahi, wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kubishana iwapo isemwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, printa au kichapishi. Mjadala huo una nafasi yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, ulidhihirisha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kusema Kiswahili. Hata hivyo, jina la kifaa halimpotezi mtu njia. Kinachopoteza njia ni istilahi moja kubeba vitu viwili. “Kiendeshi”, kwa mfano, hutumiwa na baadhi ya watu kwa maana ya diski na na wengine kwa maana ya programu inayoiwezesha tarakilishi kuzungumza na printa. Katika makala haya programu hiyo inaitwa draiva, kama mafundi wenyewe wanavyoiita.

Printa haionekani

Kabla ya kulaumu mtandao, sharti printa ijaribiwe kutoka katika tarakilishi iliyofungiwa. Ikiwa katibu muhtasi mwenyewe hawezi kuchapa ukurasa wa majaribio, hakuna haja ya kwenda mbele. Pili, ithibitishwe kwamba tarakilishi hiyo imewashwa wala haijalala, kwani printa iliyoshirikishwa kupitia tarakilishi hulala pamoja na mwenyeji wake. Tatu, zitazamwe anwani za IP. Mtandao ukiwa mdogo na ruta ni moja, anwani za mashine zote kwa kawaida hufanana isipokuwa tarakimu za mwisho, mathalani 192.168.1.5 na 192.168.1.9. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kwamba mashine haikupewa anwani na ruta, ikajibunia yake. Hapo kosa litafutwe kwenye kebo, swichi au ruta, hasa iwapo usiku uliotangulia kulikuwa na radi. Katika milima ya Kericho, inayojulikana kwa mvua ya mawe na ngurumo za alasiri, jambo hili si la kupuuzwa.

Yote hayo yakiwa sawa na bado printa haionekani, sababu huwa ya kihistoria. Windows XP hugawana faili na printa kwa itifaki ya SMB toleo la kwanza, na haijui toleo jingine. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupenya kasoro katika itifaki hiyo hiyo, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba kasoro hiyo Machi 2017. Oktoba mwaka huo, toleo la Windows 10 liitwalo 1709 likaanza kusakinishwa bila SMB ya kwanza. Tangu hapo tarakilishi mpya na ile ya XP ni mfano wa watu wawili wasio na lugha hata moja ya pamoja.

Wapo mafundi wanaowasha tena itifaki hiyo katika tarakilishi mpya. Printa huonekana mara moja, fundi akashukuriwa na kulipwa. Suluhisho hilo ni baya. Usaidizi wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kuilazimisha mashine yenye orodha ya alama za wanafunzi au akaunti za wakulima iongee kwa itifaki iliyoachwa kwa sababu za usalama ni kuacha mlango wa ghala wazi ili paka apate pa kupitia.

Inaonekana lakini haiunganiki

Hapa kosa huwa ni la ruhusa au la draiva. Ruhusa ni rahisi: iundwe akaunti yenye jina na nywila katika tarakilishi mwenyeji, na mtumiaji wa mashine ya pili aingie kwa jina na nywila hizo. Mazoea ya XP ya kumpokea kila mgeni bila kumuuliza jina hayakubaliki tena katika matoleo mengi mapya.

Draiva inahitaji maelezo zaidi. Windows XP nyingi ni za biti 32, ilhali tarakilishi za sasa ni za biti 64. Mashine mpya ikijiunga na printa iliyoshirikishwa, humwomba mwenyeji draiva, naye humpa ile aliyo nayo, ya biti 32, isiyoweza kufanya kazi huko. Dawa yake ni kupakua draiva ya biti 64 kutoka kwa mtengenezaji wa printa na kuisakinisha katika mashine mpya kabla ya kuunganisha.

Mwaka 2021 liliongezeka jambo jingine. Kasoro katika huduma ya uchapishaji ya Windows, maarufu kama PrintNightmare, ziliifanya Microsoft ikaze masharti. Tangu Agosti 2021, kusakinisha draiva kutoka kwa mwenyeji hudai idhini ya msimamizi wa tarakilishi. Septemba 2021 ofisi nyingi zikakutana na kosa namba 0x0000011b, lililotokana na kukazwa kwa ulinzi wa mawasiliano kati ya mashine na mwenyeji wa printa. Zote mbili zikiwa bado zinapokea masasisho, zisasishwe. Kuna ushauri ulioenea wa kubadili rejista ili ulinzi huo uzimwe. Ushauri huo una kasoro ile ile ya kuwasha SMB ya kwanza.

Kumwondoa mwenyeji

Njia bora kuliko zote ni kuacha kabisa kuipitisha kazi katika tarakilishi nyingine. Printa ikiwa na tundu lake la kebo ya mtandao, ifungwe moja kwa moja kwenye swichi na ipewe anwani isiyobadilika. Kisha kila tarakilishi, kongwe kwa mpya, iongezewe printa hiyo kama ya kwake, kwa kuchagua poti ya TCP/IP na kuandika anwani hiyo. Kazi hupita katika poti namba 9100, njia ya tangu enzi za kadi za JetDirect za Hewlett-Packard, ambayo XP na Windows 11 zote zinaifahamu. Kila moja hutumia draiva yake, na hakuna inayomwomba mwenziwe chochote.

Printa isipokuwa na tundu hilo, ile tarakilishi kongwe inaweza kupewa maisha mapya kwa kuwekewa Linux. Mfumo wa CUPS, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999, huishirikisha printa kwa itifaki ya IPP katika poti 631, na itifaki hiyo haitegemei SMB hata kidogo. XP, Windows 10 na 11, na hata simu nyingi za Android zinaweza kutuma kazi huko. Ni sharti kuhakikisha kwanza kwamba printa hiyo ina draiva ya Linux, kwani nyingine za bei nafuu hazina.

Imeunganika lakini haichapi, na herufi za ajabu

Kurasa zilizojaa alama zisizosomeka huonyesha kwamba draiva iliyochaguliwa inasema lugha isiyoeleweka na printa, kwa mfano PostScript kwa printa inayofahamu PCL pekee. Ibadilishwe draiva. Kuibadilisha katriji, kama wengi wafanyavyo, ni kupoteza fedha.

Kazi zikikusanyika bila kutoka, mara nyingi moja iliyoharibika imezuia zilizo nyuma yake, aghalabu baada ya umeme kukatika katikati ya uchapaji. Isimamishwe huduma ya foleni ya uchapishaji katika orodha ya huduma za Windows, yafutwe mafaili yote yaliyo katika folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha huduma ianzishwe upya. Folda hiyo ipo mahali pale pale katika XP na katika Windows 11. Walio na kazi kwenye foleni waarifiwe kwanza, maana watalazimika kuzituma tena.

Baadhi ya makosa hayahusu mtandao hata kidogo. Hewa ya nyanda za chai ina unyevu mwingi, na rimu iliyoachwa wazi usiku kucha hufyonza unyevu huo. Karatasi hukunjamana ukingoni na kukwama, au printa ikavuta tatu kwa pamoja. Rimu zihifadhiwe katika kifungashio chake hadi zitakapohitajika, na zile za kwenye trei ziondolewe ofisi inapofungwa Ijumaa jioni.