Akiba ya Kaya na Mkopo wa Elimu ya Juu: Je, Mwenye Akiba Hunyimwa?

Katikati ya mwaka, mambo mawili hukutana katika kaya nyingi za Karagwe na Kyerwa. Kahawa huvunwa na kupelekwa katika vyama vya msingi, na fedha huanza kumfikia mkulima. Wakati huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hufungua dirisha la maombi kwa vijana wanaotarajia kujiunga na vyuo. Hapo ndipo huzuka swali lenye uzito kwa mzazi: je, fedha iliyowekwa benki, katika SACCOS au katika kikundi cha VICOBA yaweza kumfanya mtoto aonekane hana uhitaji, akakosa mkopo? Mzazi asiyepata jibu sahihi huweza kutoa fedha zake mahali salama na kuzificha nyumbani, au kuacha kabisa kuweka akiba. Makala haya yanaeleza kinachopimwa, kisichopimwa, na kwa nini akiba ni msaada kwa mwombaji.

Sifa za kuomba

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na ilianza kazi Julai 2005. Fedha inazotoa ni mkopo unaorejeshwa, nao hulengwa kwa wahitaji. Kudahiliwa chuoni peke yake hakutoshi. Sifa za msingi ni hizi: mwombaji awe Mtanzania mwenye umri usiozidi miaka 35, awe amedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa, awe amehitimu kidato cha sita au stashahada katika kipindi cha miaka mitano iliyopita, na asiwe na kipato kinachotokana na ajira au mkataba rasmi katika sekta ya umma au binafsi.

Katika sifa hizo hakuna sharti linalomtaka mwombaji au mzazi wake asiwe na akaunti benki, wala asiwe mwanachama wa SACCOS au VICOBA. Kinachotajwa ni kipato cha ajira au mkataba. Kipato na akiba ni vitu viwili. Kipato ni fedha inayoingia kwa utaratibu, mwezi hadi mwezi, na kumwezesha mtu kujilipia masomo. Akiba ni kile kilichobaki baada ya kujinyima. Kijana aliyedunduliza shilingi 100,000 kwa kuuza ndizi na maharage wakati wa likizo hajawa mwajiriwa kwa sababu ya fedha hiyo.

Jinsi uhitaji unavyopimwa

Sifa za msingi zikitimizwa, hufuata upimaji wa uhitaji. Hali ya kiuchumi na kijamii ya familia hutazamwa, na kiasi cha mkopo hutofautiana kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine. Hapa vielelezo vina nguvu kubwa. Yatima huthibitisha hali yake kwa vyeti vya vifo vya wazazi. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, kwa fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Aliyetoka katika kaya inayonufaika na TASAF kwa namba ya kaya. Na aliyesomeshwa na mfadhili kwa fomu ya ufadhili huo.

Kielelezo cha mwisho kinastahili kusisitizwa. Mtoto wa kaya maskini aliyesoma shule ya kulipia kwa msaada wa kanisa, msikiti au shirika huweza kuonekana ametoka katika familia yenye uwezo, kwa sababu ada za shule hiyo ni kubwa. Uthibitisho wa mfadhili ukikosekana, hakuna kinachoonyesha kwamba ada hiyo haikutoka mfukoni mwa mzazi. Kasoro ya namna hiyo huweza kumwathiri mwombaji kuliko akiba ndogo iliyopo kikundini.

Hii haina maana kwamba uwezo wa mzazi hauangaliwi. Mfanyabiashara mkubwa au mtumishi mwenye mshahara mnono hawezi kutarajia kupimwa sawa na mkulima wa nusu ekari ya mibuni. Hata hivyo, kuficha ukweli si njia ya kumsaidia mtoto. Taarifa za uongo katika maombi zaweza kumpotezea mkopo na kumweka katika mkono wa sheria.

Kwa kaya zilizo chini ya TASAF, jambo hili ni wazi zaidi. Mpango wa kunusuru kaya maskini wenyewe huwahimiza walengwa kuunda vikundi vya kuweka akiba na kukuza uchumi wa kaya. Mlengwa anayenunua hisa kila wiki katika kikundi hicho anafuata mafundisho ya mpango. Hana sababu ya kuona haya wala hofu.

Marekani utaratibu ni mwingine

Baadhi ya ushauri unaosambaa kuhusu akiba na misaada ya masomo hutoka nchi za mbali. Nchini Marekani, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo huuliza waziwazi kiasi cha akiba. Kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi, asilimia 20 ya akiba iliyo kwa jina lake huhesabiwa kuwa fedha anayoweza kulipia masomo kwa mwaka, ilhali kwa akiba ya wazazi kiwango hicho hakifiki asilimia 6. Ndiyo sababu wazazi wa huko hushauriwa kuangalia akiba imewekwa kwa jina la nani. Ushauri huo unafaa huko, kwa kuwa kanuni za huko ndizo zinazohesabu hivyo. Kuuhamishia Kayanga au Nkwenda bila kuuchuja ni kujipotosha.

Gharama ya kukosa akiba

Mkopo hauondoi gharama zote, na hauji siku ile mwanafunzi anapofunga safari. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku kwa aliyepangiwa kiasi kamili, lakini hutolewa baada ya mwanafunzi kusajiliwa chuoni na kukamilisha taratibu. Kabla ya hapo kuna ada ya kuomba mkopo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000. Uhakiki wa vyeti. Nauli ya safari ndefu hadi Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Na chakula cha siku za mwanzo. Aidha, majina hutangazwa kwa awamu, na wapo wanaopata sehemu tu ya ada.

Kaya isiyo na akiba hukumbana na gharama hizo zote kwa wakati mmoja. Ndipo baadhi huingia katika butura, yaani kuuza kahawa ikingali mtini, hata katika maua, kwa bei ya kutupa. Msimu unaofuata mavuno huwa si yao tena, na mdogo wake mwanafunzi naye hukosa mahitaji ya shule. Kwa hiyo kaya inayoacha kuweka akiba kwa kuogopa kukosa mkopo huweza kupoteza zaidi kuliko ilichokuwa ikiogopa.

Hesabu ya mfano inatosha. Kaya inayoweka shilingi 5,000 kila wiki kikundini hupata shilingi 260,000 kwa mwaka. Ikianza mtoto anapoingia kidato cha tano, kwa miaka miwili hufikia shilingi 520,000 kabla ya gawio lolote. Fedha hiyo haiwezi kulipa ada ya chuo kikuu kwa miaka mitatu, wala hakuna atakayeiona kuwa utajiri. Lakini inaweza kulipia maombi, uhakiki, nauli na mahitaji ya wiki za mwanzo, bila kugusa shamba.

Maandalizi yanayofanyika katani

Mambo mengi yanayoamua hatima ya ombi hufanyika karibu na nyumbani, tena kabla ya dirisha kufunguliwa:

1. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa mzazi aliyefariki, kitafutwe mapema na kuhakikiwa na RITA. Majina yalingane na yale ya vyeti vya shule. Herufi moja iliyokosewa huchelewesha ombi.

2. Kaya ya TASAF ithibitishe namba yake kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri.

3. Mwenye ulemavu afike mapema kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

4. Aliyefadhiliwa amwone mfadhili wake kabla hajasahaulika.

5. Fomu iliyojazwa kwa mtandao ichapishwe, isainiwe na mwombaji na mdhamini wake, ithibitishwe na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa na kamishna wa viapo, kisha irudishwe mtandaoni. Ombi lisilo na saini hizo halijakamilika.

6. Majibu yafuatiliwe katika akaunti ya mwombaji. Asiyeridhika asubiri dirisha la rufaa, awasilishe kielelezo kilichokosekana.

Mkopo utakaopatikana ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi amalize. Kijana aliyelelewa katika kaya inayoweka akiba kila wiki atakuwa amejifunza mapema kuishi na makato ya namna hiyo. Mzazi mwenye kitabu cha kikundi hana haja ya kukificha dirisha linapofunguliwa. Aendelee kununua hisa zake, na nguvu zake azielekeze katika kutafuta vyeti.