Mrija wa Kitovu kwa Mtoto Mchanga: Faida na Madhara

Mtoto njiti mara nyingi hawezi kunyonya, na mishipa ya mikono yake ni myembamba mno. Katika siku za mwanzo mshipa wa kitovu bado hupitika. Daktari hupitisha humo mrija laini hadi karibu na moyo, ili mtoto apewe dawa na dripu yenye sukari nyingi ambayo ingeunguza mishipa midogo. Mrija huo huokoa maisha, lakini una hatari zake.

Hatari ya kwanza ni maambukizi ya damu. Kila mrija unapofunguliwa, vijidudu hupata mlango. Hivyo mikono ioshwe na kiungio kisafishwe kwa dawa kila mara. Ya pili ni damu kuganda ndani ya mshipa.

Ya tatu ni ncha kukaa mahali pasipofaa. Ikiishia ndani ya ini, dripu huweza kulijeruhi na tumbo likavimba. Ikiingia ndani ya moyo, majimaji huweza kujaa katika mfuko unaouzunguka na kuubana. Mtoto mwenye mrija akipauka ghafla na mapigo ya moyo yakashuka, dripu hiyo isimamishwe na daktari aitwe mara moja. Eksirei huonyesha ncha ilipo, ila mrija uliokaa vema jana huweza kusogea leo kitovu kinaponyauka. Alama yake ikaguliwe kila zamu.

Ya nne ni kuvuja damu. Mtoto wa kilo moja ana damu ya mililita 80 hadi 90 tu, isiyojaza kikombe cha chai. Arusha na vijiji vya chini ya Mlima Meru huwa na baridi kali mwezi Juni na Julai, na ni sahihi kumfunika mtoto. Hata hivyo, blanketi linalompa joto ndilo linaloweza kuficha damu. Kitovu kitazamwe mara kwa mara, huku mtoto akiwa chini ya kipasha joto.

Kila asubuhi swali liulizwe: je, mrija bado unahitajika? Kwa kawaida haupaswi kuzidi siku 14, na heri utolewe mapema. Hapo mama aliyetoka Longido au Ngaramtoni ana sehemu yake katika tiba: kadiri maziwa anayokamua yanavyomtosha mwanawe, ndivyo haja ya mrija inavyokwisha.