Si uzee tu, huenda ni mfadhaiko

Je, mzazi wako mzee hana hamu ya chakula, halali vizuri na hataki tena kuzungumza na watu? Usikimbilie kusema ni uzee. Huenda ana ugonjwa wa mfadhaiko, nao hutibika.

Mwili unapopambana na viini au jeraha, ini hutoa kwa wingi protini iitwayo CRP, ambayo hupimwa katika damu. Protini hii iligunduliwa mwaka wa 1930 mjini New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Uchunguzi umeonyesha kwamba wazee wenye mfadhaiko, kwa wastani, huwa na CRP nyingi kuliko wenzao.

Hata hivyo, kipimo hiki pekee hakitambui mfadhaiko. CRP hupanda pia kutokana na baridi yabisi, unene au uvutaji sigara. Daktari atamhoji mgonjwa na kutafuta maradhi mengine yaliyojificha.

Usimnunulie dawa za maumivu ukitumaini zitaondoa huzuni; zinaweza kudhuru tumbo na figo zake. Na akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.