Mbeba visu: kiumbe kimoja, majina mawili

Lingulodinium machaerophorum ni gamba la kisukuku la dinoflajelata, kiumbe cha bahari chenye seli moja. Deflandre na Cookson walilieleza mwaka 1955 chini ya jenasi nyingine. Wall akalihamisha mwaka 1967. Machaerophorum, kwa Kigiriki, ni "mbeba visu". Kweli: gamba ni la mviringo, limejaa miiba yenye uwazi ndani na ncha zilizofungwa. Pembeni kuna tundu ambamo seli ilitokea, arkeopaili, yaani "mlango wa kale".

Tatizo letu sisi wa kamusi: seli hai huitwa Lingulodinium polyedra. Kidahizo kimoja au viwili? Mimi naandika viwili, vyenye kuelekezana. Mchunguzi wa miamba hukuta gamba tupu tu, mwenyewe alishatoka.