SOMO: KUPANGA KAZI YA SHIMO LA DHAHABU

Leo tunasema na wale wanaochimba dhahabu huko Migori, Siaya na Kakamega. Wengi husema, "Tuchimbe tu, tutaona mbele." Kazi ya chini ya ardhi haipangwi hivyo. Andikeni kwanza kila kazi, na kando yake muandike inangojea kazi gani.

Tuchukue mfano wa shimo la mita 20. Tuseme mwamba ni mgumu na mnashuka nusu mita kwa siku. Hizo ni siku 40. Kila mita 2 mnasimama siku moja kuweka nguzo na mbao za kushika kuta: siku 10 nyingine. Jumla 50. Jumapili tuko kanisani na siku ya soko hakuna mtu, basi mna siku 5 kwa wiki, yaani wiki 10. (Matanga hatujahesabu, na matanga hayakosi.)

Mkianza Januari, mnafika chini katikati ya Machi, mvua ndefu ikiingia. Hapo ndipo wengine huruka zile siku 10 za nguzo ili wawahi. Ukuta uliolowa usio na nguzo huporomoka, na aliye chini hana pa kukimbilia. Afadhali muanze Juni. Shimo litaisha karibu katikati ya Agosti, mbaki na wiki 6 hivi za kufuata mkanda wa dhahabu kwa njia ya kando kabla ya mvua fupi ya Oktoba.

Kibali ombeni mapema kabisa. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016 hata mchimbaji mdogo lazima awe nacho, na hutolewa kwa miaka 3. Mbao nunueni Aprili na Mei, wakati mnangoja mvua iishe.

Shimo la pili, la hewa na la kutokea, lichimbwe na timu nyingine wakati huohuo. Njia ya kando isiende mbali kabla mashimo mawili hayajaunganishwa. Hapa ubishi hauishi, kwa sababu hilo shimo halitoi dhahabu na mwekahazina huliona hasara. Liwekeni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Maswali ya kujadili:

Mbao zikichelewa wiki 2, kazi gani itasimama na ipi itaendelea?

Katika kikundi chenu, nani ana uwezo wa kusema, "Leo hakuna kushuka"? Je, atasikizwa?