SOMO LA KIKUNDI: HESABU KABLA YA KUHUKUMU



Mahindi yakianza kukomaa, wenye mashamba kando ya msitu hapa Londiani huanza kulia juu ya tumbili na nyani. Utasikia mtu akisema, "Hawa ni wa serikali, basi serikali iwalishe!" Kilio hicho kina haki yake. Mwezi huu tujifunze kwa wakulima wa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, ambao pia wana jirani wa namna hiyo. Mmoja asome kwa sauti, na mwisho wa kila sehemu msimame mzungumze.

1. TAZAMA

Unguja kuna kima mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani. Wenyeji humwita kima punju, maana yake kima wa sumu. Asili yake ni Zanzibar tu, hapatikani kwingine duniani. Wengi wako katika msitu wa Jozani, lakini huingia mashambani kula majani machanga ya miembe na vidaka, yaani nazi changa kabisa. Hata makaa ya jikoni hula! Wataalamu wanadhani makaa humsaidia kupunguza sumu iliyo katika majani hayo.

Wakulima walisema kima anamaliza nazi. Katika miaka ya 1990 watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, waliingia mashambani wakahesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Kumbe pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno hayakupungua, bali yalikuwa mazuri zaidi. Huenda ni kama mkulima anayepunguza matunda machanga ili yanayobaki yakomae vizuri.

Chui wa Unguja hakupata bahati hiyo. Watu waliamini kwamba wachawi humfuga na kumtuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulikuwa na kampeni ya kumwinda. Hakuna aliyekaa chini kuhesabu chui wamebaki wangapi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 watafiti walimtafuta wasimwone, na wengi wanaamini ameisha. Mnyama wa kisiwani akiisha, hakuna mwingine wa kuvuka bahari aje kuziba pengo.

2. AMUA

Wanyama wote wawili walikuwa na jina baya. Mmoja alihukumiwa kwa maneno, mwingine kesi yake ilipelekwa shambani ikahesabiwa.

Lakini hii si kusema kwamba mnyama haharibu kitu. Mahali hasara ilipo, haitoshi kumwambia mkulima "penda wanyama" halafu wewe unaenda kulala. Kule Jozani uliwekwa utaratibu ili sehemu ya fedha za watalii irudi kwa vijiji na kwa wakulima ambao kima hula katika mashamba yao. Barabarani yaliwekwa matuta, na kima waliogongwa na magari wakapungua. Mwaka 2004 msitu huo ukawa hifadhi ya taifa. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya walivyodhaniwa.

Na sisi je? Msitu wetu nao ni kama kisiwa, umezungukwa na mashamba na majani chai. Wazee wa Kipsigis wanajua kila ukoo una mnyama wake, tiondo, ambaye watu wake humheshimu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, nacho kinatuambia mtu aliwekwa bustanini kulima na pia kutunza. Kazi hizo mbili zilitolewa pamoja.

3. TENDA

(a) Kila kikundi kinunue daftari moja. Msimu mzima mwandike: tarehe, saa, mnyama gani, amekula mistari mingapi, na kama kulikuwa na mlinzi.

(b) Andikeni pia hasara za panya, funza wa mabua, wezi na mvua. Msimbebeshe tumbili mzigo wa wengine.

(c) Mwisho wa msimu jumlisheni kwa gorogoro na kwa magunia.

(d) Pangeni zamu za kulinda, ili watoto wasikose shule kwa sababu ya kufukuza nyani.

(e) Msitege sumu. Sumu haichagui, itaua mbwa wako na ng'ombe wa jirani.

(f) Pelekeni daftari kwa ofisi ya KWS na kwa chama cha misitu cha jamii. Sheria ya Misitu ya 2016 inawaruhusu wakazi kuunda chama hicho na kufanya mapatano na KFS. Mwenye hesabu mkononi ni vigumu kumfukuza mlangoni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni mnyama gani hapa kwetu ana jina baya? Nani amewahi kuhesabu hasara yake?
2. Mbega hula zaidi majani ya miti. Je, tunampiga kwa kosa la tumbili?
3. Msitu ukileta faida, nani anaipata? Anayepoteza mahindi anapata nini?
4. Nani atashika daftari, na tutaanza lini?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la nne.